Rilei inarudisha umeme mezani lakini inagoma kwenye breka: huwa tunapima nini hasa?

#1 Fida_ya_Mwisho
Hamjambo wakuu. Majuzi tulipima rilei ya ulinzi (kifaa kinachogundua hitilafu na kuiamuru breka, yaani swichi kuu, ikate umeme) ya fida, yaani laini ya kusambaza umeme, moja ya kilovolti 33, inayotoka kituo kidogo kilichoko nje kidogo ya Nairobi na kuelekea vijijini kwa nyaya za juu. Imepangwa kurudisha umeme yenyewe mara mbili: mkupuo wa kwanza baada ya sekunde 1, wa pili baada ya sekunde 10, na hitilafu ikizidi kuwepo inaingia kizuizini mpaka mtu aje aiondoe kwa mkono. Karakanani tuliiingizia mkondo mara tatu ya kiwango chake cha kuamkia. Ikakata, ikarudisha, ikakata, ikarudisha, ikakata na kujizuia, sawasawa na karatasi ya mipangilio, nasi tukatia sahihi.

Siku nne baadaye mvua ilinyesha usiku. Fida ikakatika, ikarudi, ikakatika tena papo hapo, na rilei ikajizuia bila kuujaribu mkupuo wa pili. Vijiji vilikaa gizani hadi asubuhi. Tulipoifuata laini tulikuta tawi la mkaratusi limeshaanguka chini, nyaya ziko salama, hakuna cha kurekebisha. Mkupuo wa pili ungetosha. Naomba mnisaidie kujua kipimo chetu kilikosa nini.

#2 MzeeWaPaneli
Ulipima ukiwa na breka yenyewe au na kisanduku cha kuigiza breka? Na lile ingizo la "springi tayari", linaloiambia rilei kwamba springi ya breka imejaa, ulilifanyaje?

#3 Fida_ya_Mwisho
Kisanduku, Mzee. Kinabadilisha kontakti saidizi (zinazoionyesha rilei hali ya breka) vizuri, kinafunguka na kufungika kwa amri ya rilei. Ingizo la springi tuliliunga kwa waya mfupi kutoka chanya ya volti 110, kwa kuwa bila hilo rilei haikubali hata kuanza.

#4 MzeeWaPaneli
Basi jibu lako liko kwenye huo waya mfupi, kijana wangu. Breka ya springi inapokuwa imefungwa na springi yake imejaa, ina akiba ya kukata, kurudisha na kukata tena, basi. Baada ya kurudisha mara ya kwanza springi ya kufungia inakuwa imelegea, na mota huanza kuivuta upya. Ikiwa mota inahitaji sekunde 12 na muda mfu wako wa pili (muda wa kungoja kabla ya kurudisha) ni sekunde 10, rilei inafika kwenye zamu ya mkupuo wa pili, inaliangalia ingizo, inakuta springi haijawa tayari, na inajizuia. Rilei nyingine zina dirisha la kungojea springi; nyingine hazina, au lipo lakini limewekwa sifuri. Mezani mliiambia kwamba springi imejaa wakati wote, kwa hiyo mlipima hesabu za rilei, hamkupima mfumo.

Nimeona kosa hili zaidi ya mara moja katika miaka yangu ya kuvaa helmeti, na kila mara karatasi ya vipimo ilikuwa safi kabisa.

#5 Bi_Terminali
Namheshimu Mzee, lakini naona sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Fida_ya_Mwisho amesema ilikatika tena "papo hapo". Fida ya vijijini ina transfoma nyingi ndogo, na umeme unaporudi zote huvuta kwa pamoja mkondo mkubwa wa kujitia sumaku, unaoweza kuwa mara kadhaa ya mzigo wa kawaida kwa sehemu ya sekunde. Mkondo huo ukigusa kipengele cha papo kwa papo (sehemu ya rilei inayokata bila kuchelewa), breka itakatwa hata kama tawi limeshaanguka. Mipangilio mingi niliyoiona huizuia 79, yaani kazi ya rilei ya kurudisha umeme, isirudishe pale kipengele hicho kinapokata, kwa kuwa mkondo mkubwa huchukuliwa kuwa hitilafu iliyo karibu na kituo. Ninyi mliingiza mara tatu tu ya kiwango, kwa hiyo mliamsha kipengele cha kuchelewa peke yake. Hicho kingine hakikuguswa kabisa katika mtiririko wa kurudisha.

Tafadhali itazame jedwali la vianzishi na vizuizi vya 79 kwenye mipangilio yako.

#6 Kontakti52
Naongeza la tatu. Kwenye paneli za zamani, amri ya kurudisha ya rilei hupitishwa kwenye waya uleule wa swichi ya mkono, na waya huo huo umeingizwa kwenye rilei kama ishara kwamba mtu amefunga breka kwa mkono. Rilei inaporudisha, inajiona kana kwamba ni mtu aliyefunga. Hitilafu ikionekana katika sekunde chache zinazofuata, ulinzi wa kuwasha juu ya hitilafu unakata na kuzuia kila kitu, na ndivyo unavyopaswa kufanya mtu anapofunga kwa mkono. Tulihangaika na jambo hili siku mbili kwenye kituo kimoja kabla ya kijana mmoja wa mafunzo kuufuata waya kwa kidole, terminali moja baada ya nyingine, na kutuonyesha.

#7 Fida_ya_Mwisho
Nashukuru nyote. Bi_Terminali, umesema kweli, kipengele cha papo kwa papo kimewekwa kuwa kizuizi. Kontakti52, nyaya nitaziangalia nikirudi kituoni. Mzee, mota tuliipima ilipotoka ukarabati, na ilivuta springi kwa sekunde 9.

#8 MzeeWaPaneli
Sekunde 9 kwa umeme wa chaja ya karakana, volti 110 zilizosimama. Saa nane za usiku, betri za kituo zikiwa na umri wao, mota ikianza tu volteji hushuka, na mota ya mkondo mnyoofu volteji ikishuka hupunguza mwendo. Kutoka sekunde 9 hadi 11 si safari ndefu.

#9 Karura_Mbili
Mnajadili springi na mota, lakini je, breka yenyewe inaruhusiwa kufanya hivyo? Kiwango cha kimataifa cha IEC 62271-100 kinataja mtiririko wa kazi wa breka ya kurudisha haraka: kukata, sekunde 0.3, kufunga na kukata, sekunde 15, kufunga na kukata. Muda mfu wa sekunde 10 uko chini ya 15. Mliiomba breka kitu ambacho haikuahidi.

#10 Bi_Terminali
Sahihisho dogo. Muda wa kawaida wa pili katika kiwango hicho ni dakika 3. Sekunde 15 na dakika 1 ni badala zinazokubalika ikiwa mtengenezaji ametamka hivyo. Bamba la breka ndilo linaloamua.

#11 Fida_ya_Mwisho
Nina picha ya bamba kwenye simu. Limeandikwa O – 0.3 s – CO – 3 min – CO, na chini yake kA (kiloampea) 25.

#12 Karura_Mbili
Asante kwa sahihisho, Bi. Basi hali ni nzito kuliko nilivyofikiri. Baada ya mkupuo wa kwanza breka hii inataka dakika 3, nanyi mnaipa sekunde 10.

#13 Kontakti52
Tusiusome mtiririko huo kama amri ya polisi. Unaeleza kinachofanyika breka ikikata mkondo wake kamili, yaani kA 25. Hitilafu ya tawi la mti mwisho wa fida ya kilovolti 33 inaweza kuwa kA 1 au 2. Chemba ya vakyumu haitaona shida.

#14 Karura_Mbili
Chemba haitaona shida, lakini springi haijui kama mkondo ulikuwa kA 2 au kA 25. Muda wa kujivuta ni uleule.

#15 Mkazi_wa_Pipeline
Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni mpangaji tu, lakini suala hili linanigusa. Wakati wa mvua za Aprili waya ulikatika ukaanguka kando ya njia tunayopita, karibu na vibanda vya mabati. Ulirusha cheche, ukanyamaza, watu wakaanza kusogea kuutazama, ukarusha cheche tena. Mama muuza mboga alikuwa hatua tatu kutoka pale. Kwa nini mashine irudishe umeme kwenye waya ulio chini? Ninyi mnalia kwamba haikujaribu mara ya pili, nami nashukuru kila inapokataa.

#16 MzeeWaPaneli
Pole sana, ndugu, na hujaingilia. Hoja yako ndiyo sababu ya kupima kazi hii kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Kurudisha kulibuniwa kwa sababu asilimia 90 ya hitilafu hupita zenyewe: ndege, tawi, radi. Umeme ukikatwa kidogo hewa inapoa, cheche inakufa, laini inarudi salama.

#17 Umoja_Fezi3
Mzee, naomba tuseme asilimia 70 hadi 90, kwa maana vitabu hutofautiana, na ni kwa nyaya za juu tu. Kebo ya ardhini haina hitilafu ya kupita. Ikitoboka imetoboka, na kurudisha ni kuipiga mara ya pili pale pale ilipoumia. Ndiyo maana sehemu za katikati ya jiji zenye kebo hazipaswi kuwa na 79 kabisa.

Na kumjibu Mkazi: waya ulioanguka kwenye lami au mchanga mkavu hupitisha mkondo mdogo sana kwenda ardhini, kiasi kwamba kipengele cha kawaida huenda kisiuone. Kipo kipengele nyeti cha ardhi kwa ajili hiyo, na desturi nzuri ni kwamba kikikata, 79 inazuiwa moja kwa moja. Katika kipimo, hilo lina ukurasa wake: ingiza mkondo mdogo wa ardhi, hakikisha breka imekatwa, kisha kaa ungoje mpaka muda mfu wote upite, uthibitishe kwamba amri ya kurudisha HAIKUTOKA. Kuthibitisha kwamba kitu hakikutokea kunachosha, na ndiyo maana wengi hukiruka.

#18 Nyayo_Korongo
Ndege wametajwa, basi niseme la Barabara ya Mombasa. Wale korongo wakubwa wa mzunguko wa Nyayo wakitandaza mabawa hufikia mita mbili na zaidi, na bawa moja linaweza kuunganisha fezi mbili. Baada ya sekunde moja ndege ameshaanguka na laini iko safi. Kwa kisa kama hicho mkupuo mmoja unatosha. Huu wa pili naona ni wa matawi.

#19 Mhitimu_Mpya
Je, kile kisa cha tumbili wa kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, tarehe 7 Juni 2016, kingeokolewa na kazi hii ya IEC 79? Tumbili aliangukia transfoma, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikawa gizani.

#20 Bi_Terminali
Hapana, mdogo wangu, kwa sababu mbili. Kwanza 79 ni nambari ya mfumo wa Kimarekani wa ANSI, si ya IEC. Pili, ulinzi wa transfoma ukikata hakuna kurudisha. Hitilafu ndani ya transfoma inachukuliwa kuwa ya kudumu, na kuiwashia tena ni kualika moto wa mafuta. Kila rilei ya transfoma na ya basi (nondo za pamoja za kituo zinazounganisha fida) inapaswa kupeleka amri ya kizuizi kwa 79, na kila mojawapo ya njia hizo ipimwe peke yake.

#21 Laini_Hai
Mimi hufanya kazi juu ya nguzo, na nina ombi kwa mnaopima. Katika uzi huu mmeandika "kufunga breka" mara nyingi, mkimaanisha kuwasha. Nyumbani tukisema "funga umeme" tunamaanisha uzime, kama tunavyofunga maji, na "fungulia" ni kuwasha, kama tunavyofungulia redio. Kwa fundi wa paneli ni kinyume kabisa: kufungua breka ndiko kuzima. Nilikuwa juu ya nguzo siku redio iliposema "tumefungua", na mwenzangu mgeni akajibu kwa hofu kwamba tuko juu bado. Alisikia kwamba umeme umewashwa. Tangu siku hiyo kikosi chetu hutumia "kata" na "rudisha" tu.

Na kabla hatujapanda, 79 lazima izimwe kwenye paneli na kibao kitundikwe. Mnapopima, ithibitisheni swichi hiyo pia: igeuzeni, ingizeni hitilafu, hakikisheni rilei inakata na kubaki kimya. Uhai wetu umelala juu ya swichi hiyo.

#22 Kontakti52
Umesema jambo zito, Laini_Hai. Kwangu limepita, kuanzia sasa naandika "kata" na "rudisha".

#23 Umoja_Fezi3
Fida_ya_Mwisho, mezani muda mfu wa kwanza ulipata ngapi? Nauliza kwa sababu kila kikosi hupima kutoka mahali pake.

#24 Fida_ya_Mwisho
Sekunde 1.06, ilhali mpangilio ni 1.00. Tuliandika "imefaulu" kwa kuwa tofauti ni ndogo.

#25 Umoja_Fezi3
Milisekunde 60 hizo zina maana yake. Mashine yenu ilianza kuhesabu pale amri ya kukata ilipotoka, ilhali rilei huenda inaanza kuhesabu pale kontakti saidizi inapoonyesha kwamba breka imekatika. Kisanduku chenu kilichukua hizo 60 kujigeuza. Rilei nyingine huanza pale kipengele cha ulinzi kinapojirudi, jambo ambalo ni tofauti tena. Asiyejua saa inaanzia wapi hawezi kusema kama imefaulu au haikufaulu.

#26 Fida_ya_Mwisho
Nimerudi kutoka kituoni na rekodi. Kontakti52, nimezifuata nyaya zote. Amri ya rilei ina njia yake, haipiti kwenye swichi ya mkono. Nadhani hoja yako imeondoka.

Hesabu zifuatazo zinaanzia pale breka iliporudishwa. Milisekunde 38: kipengele cha papo kwa papo kimekata. Milisekunde 90: breka imekatika. Sekunde 11.3: "springi tayari". Kwa hiyo Mzee yuko sahihi kwamba mota ilichelewa, na Bi_Terminali yuko sahihi kwamba kipengele kizuizi ndicho kilichokata. Kosa letu ni kwamba alama ya kizuizi haikuwekwa kwenye orodha ya matukio; imeungwa na taa tu. Siwezi kusema ilijizuia saa ngapi.

#27 Karura_Mbili
Hapo ndipo penye jibu. Ikiwa ilijizuia kwenye milisekunde 38, ni kipengele. Ikiwa ilijizuia karibu na sekunde 10.1, ni springi. Hakuna mtu aliyekuwepo?

#28 Fida_ya_Mwisho
Askari wa zamu alikuwepo. Anasema alikuwa amejikinga mvua chini ya paa la chumba cha paneli, akasikia breka ikigonga mara tatu, akachungulia dirishani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na mota ilikuwa bado inasaga. Nilimwuliza mota iliendelea kusaga kwa muda gani baada ya yeye kuiona taa. Akasema kitambo kidogo.

#29 Bi_Terminali
Alisikia mlio wa tatu kwenye milisekunde 90 na akachungulia. Mtu anayeshtuka hachukui sekunde 10 kugeuza shingo. Kama kizuizi kingekuja kwenye sekunde 10.1, angebakiwa na sekunde 1.2 tu za kuona taa na mota kwa pamoja. Fida_ya_Mwisho, umbo la mkondo likoje kwenye rekodi?

#30 Fida_ya_Mwisho
Fezi mbili, mawimbi yameegemea upande mmoja wa mstari, na katikati yake kuna mapengo bapa.

#31 Bi_Terminali
Hiyo ni sura ya transfoma zinazojitia sumaku. Laini ilikuwa safi.

#32 MzeeWaPaneli
Taratibu, binti yangu. Hitilafu halisi nayo huegemea upande mmoja katika mizunguko ya kwanza, na transfoma ya mkondo (inayopima mkondo kwa ajili ya rilei) ikishiba hukata mawimbi na kuacha mapengo yanayofanana na hayo. Tawi lingeweza kuwa bado limening'inia. Kuhusu askari, mtu aliyelowa na kushtuka, "kitambo kidogo" chake siwezi kukiandika kwenye ripoti.

#33 Fida_ya_Mwisho
Ruhusa ya kukata tumepewa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu. Safari hii naipima na breka yenyewe, betri za kituo, bila waya mfupi wowote. Nilikuwa nafikiri kuanza kwa kuusogeza muda mfu wa pili hadi sekunde 20 na kuondoa kizuizi cha kipengele cha papo kwa papo kwa mkupuo wa kwanza.

#34 Karura_Mbili
Usibadilishe vyote viwili pamoja. Ikifanya kazi hutajua ni kipi kilichokuwa kinaigomesha. Na hizo sekunde 20 bado ziko mbali na dakika 3 za bamba.

#35 Kontakti52
Mimi nasema asibadilishe chochote kwanza. Airudie hali ya usiku ule kama ilivyokuwa: aingize hitilafu ndogo, breka irudi, kisha kwenye milisekunde 38 apandishe mkondo juu ya kipengele cha papo kwa papo, halafu arudie yote kwa mkondo mdogo peke yake.

#36 Bi_Terminali
Naunga mkono, na kabla ya kuingiza hata ampea moja, alama ya kizuizi iwekwe kwenye orodha ya matukio.

#37 MzeeWaPaneli
Na uweke mita kwenye terminali za mota, uandike volti zinashuka hadi ngapi inapoanza kuvuta. Chaja ya kituo uizime kwanza, betri zibaki peke yake, kama ilivyokuwa usiku ule ikiwa umeme wa kituo nao ulikatika.

#38 Laini_Hai
Nasi tutakaokuwa kwenye laini Jumapili tujulishwe kwa majina kabla hujaingiza chochote.

#39 Fida_ya_Mwisho
Umeme wa kituo haukukatika usiku ule, Mzee. Unatoka fida nyingine. Lakini nitapima kwa hali zote mbili. Laini_Hai, orodha ya majina nitaitundika mlangoni, na swichi ya 79 nitaigeuza mbele ya kiongozi wenu.